Hatua Saba za Kurudi Nyuma

Kambini, Milwaukee, Wisconsin
Julai 22, 1984

Mjomba Otha,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma kama yanavyotakiwa kuuma mwezi huu. Mwambie mama nakula vizuri. Asubuhi tunapewa soseji nene na viazi, na mpishi akimwona mtu mwembamba anamwongezea bila kuulizwa. Mwambie pia nimepata kanisa, ingawa kwaya yao inaimba kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto. Goti lako linasemaje? Na lile paa la ukumbi wa mazoezi pale shuleni, wamelitengeneza au bado mnacheza na ndoo sakafuni?

Sasa nije kwenye lililonikalisha na kalamu.

Tuko wanne hapa kambini tunaogombea ukwotabeki, kuongoza mashambulizi na kutupa mpira, watabaki watatu. Mmoja ni mkongwe, nafasi yake haiguswi. Anayenisumbua akili ni Kip Lindqvist, ambaye tulichaguliwa naye mwaka mmoja, kijana wa Kizungu kutoka California. Kwao chuoni alikuwa anatupa mpira mara arobaini kila mechi. Unajua nilivyocheza mimi. Miaka minne nachukua mpira, nakimbilia pembeni, namtazama mtu mmoja tu, yule beki wa mwisho kwenye safu yao. Akinijia mimi, namrushia mwenzangu aliye ubavuni. Akimfuata mwenzangu, naondoka na mpira mwenyewe. Mtu mmoja, uamuzi mmoja. Tulishinda mechi thelathini na nane hivyo, na katika mechi nzima nilitupa mara sita au saba.

Huku nikipewa mpira narudi nyuma hatua saba, nasimama ndani ya ukuta wa wenzangu, na katika sekunde tatu niwe nimeshawasoma mabeki wanne wa nyuma na kujua nani kati ya wapokeaji wangu atakuwa wazi. Sio aliye wazi sasa. Atakayekuwa wazi. Na kabla ya hapo niwe nimewatajia wenzangu kumi jina la mchezo, na jina lenyewe lina maneno kumi na moja. Lindqvist anayatamka kama mtu anayeagiza kahawa. Kwake hii ni lugha ya nyumbani. Mimi natafsiri, na nikimaliza kutafsiri mpira umeshachelewa.

Juzi mazoezini nilichomoa mchezo wetu wa zamani. Yule beki wa mwisho hakuchagua, Mjomba. Alinibeba mimi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaupiga mpira niliokuwa nataka kurusha. Akaniinua kutoka chini, akanipangusa nyasi mgongoni, akasema, "Dogo, wa chuoni ndio wanaochagua. Sisi tunalipwa tusichague."

Kocha Dalrymple ananiambia nina miguu ya ajabu. Ameshaniambia mara tano. Kuhusu mkono wangu hajasema neno.

Niandikie.
Mpwa wako, Rayford


Tolliver, Texas
Agosti 4, 1984

Mpwa wangu Rayford,

Marahaba. Sisi tupo. Joto la mwaka huu limekausha hata magugu. Mama yako alipimwa presha Jumanne, daktari akamkataza chumvi, na tangu siku hiyo anapika kana kwamba sisi wote ndio tuliopimwa. Mazoezi yangu na vijana wa shule yameanza, mara mbili kwa siku, na wawili wameshatapika. Paa bado linavuja. Mwenyekiti wa bodi ya shule anasema atalitazama, na kwa kweli kila akipita analitazama.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu akisifu miguu yako mara tano anakupimia kiatu kingine. Kabla mwezi huu haujaisha atakuita ofisini, atafunga mlango taratibu, atakuuliza hali ya mama yako, halafu atakuomba uwe mpokeaji. Au beki. Atasema ni kwa faida yako. Atasema mtindo wako wa chuoni hautafsiriki kwenye mchezo wa kulipwa. Mtindo ni neno lao la adabu. Wanaona kijana mweusi, wanaona miguu. Wanaona kijana mweupe, wanaona akili, hata kama hajui kufunga kamba za viatu vyake.

Kataa. Usidake mpira hata mmoja kwa ajili yao, hata kwa mzaha, kwa sababu siku ukidaka vizuri wamekumaliza. Mwaka hamsini na saba watu wa timu ya kulipwa waliniita mimi vilevile. Nilikuwa kwotabeki, nimetupa mabao ishirini na mawili kwenye chuo chetu cha watu weusi ambacho hakuna mwandishi aliyekuja kukitazama. Wakaniambia niwe beki. Nilichukua begi langu, nikapanda basi, nikarudi Tolliver. Hadithi hiyo unaijua. Nakukumbusha ili ujue kwamba mtu anaweza kusema hapana na bado akaishi.

Hizo hatua saba ni hatua tu. Kila siku baada ya mazoezi rudi nyuma mara mia, mpira sikioni, macho mbele. Aliyejifunza kukimbia atashindwaje kujifunza kusimama?

Mama yako anasema vaa sweta. Nimemwambia ni Agosti. Anasema vaa.

Mjomba wako, Otha Lee Tarver


Milwaukee
Agosti 30, 1984

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama sweta ninalo. Nimebaki kwenye timu, kwotabeki wa tatu, lakini usishangilie bado.

Ilikuwa kama ulivyosema. Dalrymple alifunga mlango taratibu.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, Kocha."

"Rayford, mimi nakupenda, kwa hiyo sitakuzungusha. Mtu anayekimbia kama wewe hatakiwi kukaa benchi ameshika ubao wa kuandikia. Nipe miaka miwili ya upokeaji, nitakufanya tajiri."

"Mimi ni kwotabeki."

"Ulikuwa kwotabeki wa mchezo usiochezwa hapa. Sio kosa lako. Hakuna aliyekufundisha."

Nikamwambia anifundishe yeye. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema yeye ni kocha wa timu ya watu wazima, hana shule ya chekechea. Tukaishia hapa: nabaki wa tatu, lakini Jumatano na Alhamisi nafanya mazoezi na wapokeaji, "tuone tu." Najua utakasirika. Ilikuwa hivyo au begi.

Lindqvist naye kwenye mechi ya majaribio alinaswa mipira minne na mabeki wa wapinzani. Minne. Akitoka ukutani mwa wenzake anakimbia kama mtu aliyevaa buti za zege. Dalrymple akamwekea mkono begani: "Uvumilivu, kijana, hii ni kazi ya miaka mitatu." Mimi nilitupa mara tano, tatu zikafika, moja ikanaswa, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Hilo la rangi uliloniambia nimeliona kwa macho yangu. Lakini kuna jingine, nalo linanila zaidi.

Wiki iliyopita alikuja kambini mzee mmoja anayetafutia timu vipaji, anaitwa Haskell Oyler. Zamani alikuwa kocha wa chuo kule magharibi, chuo ambacho makwotabeki wake wote wanarudi hatua saba tangu siku ya kwanza. Watatu kati yao wanacheza huku sasa. Akaja pale nilipokuwa nafungua bandeji.

"Wewe ndiye Pettis wa Tolliver?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuandikia mara nne mwaka sabini na tisa. Nilikuona ukitupa mpira wa yadi hamsini huku unaanguka. Nilisema huyu nikimweka miaka miwili nyuma ya mwingine ajifunze, ataiongoza timu yoyote."

"Sikupata barua hata moja."

"Sasa nani aliyekuwa ananijibu?"

Barua zote za vyuo zilikuja kwako shuleni, Mjomba. Mama alikukabidhi wewe jambo hilo kwa sababu wewe ndiye uliyejua. Nauliza kwa heshima. Oyler aliandika au hakuandika?

Rayford


Tolliver
Septemba 13, 1984

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa mvua imenyesha hatimaye, siku tatu mfululizo. Tumeshinda mechi ya kwanza na kufungwa ya pili. Mama yako amechaguliwa mkuu wa mapokezi kanisani, kwa hiyo sasa ana glavu nyeupe na hakuna anayekaa anapotaka. Kwenye mtihani wangu wa historia watoto kumi na mmoja wameandika kwamba Texas ilinunuliwa.

Huyo Dalrymple ni mwoga. Kocha asiyetaka kufundisha anatofautianaje na mlinzi wa geti? Mtu anakwambia kwa kinywa chake kwamba hukufundishwa, halafu anakataa kukufundisha, halafu anakuadhibu kwa kutojua. Nilisoma barua yako nikatoka nje nikazunguka uwanja mara mbili na goti langu hili. Na hizo Jumatano na Alhamisi zinaniumiza. Nilikuambia usidake.

Kuhusu Lindqvist, zingatia: kuna makwotabeki wa aina mbili wanaotoka vyuoni, wale wanaojua na wale wanaoweza. Anayejua lakini hawezi wanamvumilia. Anayeweza lakini hajui wanamhamisha. Basi jua, wasipate sababu.

Wazee wanaotafuta vipaji wanaongea sana. Wameona vijana elfu, wanachanganya majina. Usipoteze usingizi kwa maneno ya mtu wa kupita.

Kula. Fanya hatua zako.

Otha


Milwaukee
Septemba 21, 1984

Mjomba,

Hujanijibu.

Oyler alikumbuka rangi ya uzio wa uwanja wetu. Hakuchanganya jina la mtu.

Umeandika kurasa mbili. Mvua umeitaja, glavu za mama umezitaja, na mtihani wa historia. Mimi niliuliza swali moja.

Rayford


Milwaukee
Novemba 6, 1984

Mjomba,

Wiki sita na nusu hakuna barua. Mama ameniandikia mara tatu, anasema u mzima, anasema unakuja Jumapili unakula na kuondoka mapema. Kwa hiyo mkono wako haujavunjika.

Utakuwa umeona kwenye televisheni yaliyotokea, lakini televisheni haikuonyesha yote, kwa hiyo nakusimulia.

Mkongwe wetu aliumia kifundo cha mguu mwezi wa kumi. Jumapili hii Lindqvist akapigwa akiwa bado anatafuta pa kutupa, akavunjika mbavu mbili. Nikaingia, nusu ya pili, tuko nyuma kwa alama kumi. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilikimbia kuingia uwanjani kama mtoto.

Mara ya kwanza nilirudi hatua saba, nikaona kila kitu. Mtu wangu alikuwa wazi kabisa upande wa kushoto. Nilimwona na sikuamini, nikasubiri nihakikishe, na nilipohakikisha beki alikuwa ameshafika. Mpira ukanaswa. Mara ya pili hivyohivyo. Nilijua jibu, ila nililijua nusu sekunde baada ya mtihani. Watu wakaanza kuzomea. Mmoja jukwaani akaniita jina ambalo wewe na mimi tunalijua.

Ndipo nikaacha kutafsiri. Kocha akaleta mchezo wa kutupa, mimi nikarudi hatua tatu, nikaona mlango kati ya mabeki wao, nikatoka. Yadi hamsini na nne. Bao. Uwanja ulitetemeka, Mjomba. Wale wale waliokuwa wanazomea.

Nikarudi benchi, Dalrymple hata hakunigeukia. "Nimekuambia utupe."

"Tumepata bao, Kocha."

"Tumepata bao moja. Jumapili ijayo watakusubiri hapohapo mlangoni, na Jumapili ya tatu utakuwa hospitali, na mimi nitakuwa sina kitu." Akamwita mpigaji teke ajaribu kutupa kuliko kunirudisha mimi. Mpigaji teke. Tukafungwa.

Nimekaa siku mbili nimechukia, na nilitaka nimchukie yeye. Lakini nikiutazama mkanda wa mechi, alichosema kuhusu mlango ni kweli. Kuhusu benchi ni uonevu, kuhusu mlango ni kweli. Hiyo nusu sekunde ndiyo ningeipata kwa Oyler. Miaka minne ya hiyo nusu sekunde, ambayo mtu fulani aliikataa kwa niaba yangu, kwa kalamu yake, bila kuniuliza.

Nimewaza mengine pia. Nilipokubali chuo cha Kocha Strayhorn, miezi mitatu baadaye akakuajiri. Tulichinja nguruwe. Mama alilia kwa furaha, kocha wa kwanza mweusi katika chuo kile, naye ni kaka yake. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nilidhani mambo mema huja mawili mawili.

Uliniuza?

Andika ndiyo au hapana, na salamu za hali ya hewa ubaki nazo.

Rayford


Tolliver
Novemba 19, 1984

Rayford,

Umeacha shikamoo barua mbili zilizopita. Nimeona. Sikudai.

Oyler aliandika. Mara nne, kama alivyosema. Barua ya kwanza nilimjibu kwamba unafikiria. Ya nne nilimjibu kwamba umeshaamua. Hukuwa umeamua kitu, ulikuwa hujui hata jina lake.

Strayhorn alikuja kwa mama yako mwezi Desemba, akala kambare vipande vitano, akamsifu. Halafu akaniomba nimsindikize garini. Akasema, "Otha, chuo chetu hakijawahi kuwa na kocha mweusi. Naona wakati umefika. Na naona ungependa kumwona kijana wako kila siku." Hakusema zaidi, hakuhitaji. Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Miaka kumi na minane nilikuwa nimefundisha kwenye uwanja wenye mawe kuliko nyasi. Makocha weupe niliowafunga walikuwa wanapanda vyeo na kuniachia salamu. Nilitaka. Nilitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni. Niliingia ndani nikakuambia Strayhorn atakuchezesha mwaka wa kwanza, na kwamba wengine wote watakukalisha benchi. Hilo la benchi lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilisemeka kirahisi.

Wakanipa ofisi isiyo na dirisha. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye nyumba za mama wengine weusi kula kambare. Baada ya miaka miwili, wewe umeshanasa pale na huwezi kuhama bila kupoteza mwaka, wakaniambia nafasi imefutwa. Ulifikiri niliondoka kwa sababu ya goti. Nilikuacha ufikiri.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Sina neno laini la kuweka badala yake.

Lakini na mimi nina hasira, nami nitasema. Miaka ile miwili nilikuwa pale, mara ngapi nilikuambia ubaki baada ya mazoezi turushe mipira hamsini? Uliniambia una picha ya kupigwa na gazeti. Uliniambia, "Mjomba, kwa nini nitupe wakati hakuna anayeweza kunikamata?" Watu elfu sabini walikuwa wanaimba jina lako, na hukuona haja ya kujifunza kusimama. Mimi nilikufungia mlango mmoja. Kuna mlango mwingine ulikuwa wazi na mimi nimesimama hapo na gunia la mipira, nawe ulipita. Usinibebeshe vyote. Changu kinanitosha.

Na kuna hili, ambalo mama yako halijui, wala marehemu mke wangu hakulijua. Mwaka hamsini na saba sikukataa. Waliponiambia niwe beki nilisema "ndiyo, bwana" kabla yule mtu hajamaliza sentensi. Nilicheza ubeki wiki tano. Nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi. Halafu wakaniacha, na ndipo nikachukua begi. Nilikuwa nimesema ndiyo na bado nikarudi na basi. Kwa miaka ishirini na saba nimewasimulia watoto wa mji huu habari ya mtu aliyesema hapana. Nilikuambia wewe ukatae kwa sababu mimi sikukataa, na nikiwa nimekaa kitini kwangu, mahali ambapo kukataa hakumgharimu mtu kitu.

Sikuombi msamaha kwa barua. Barua ni rahisi mno.

Otha


Tolliver
Februari 3, 1985

Rayford,

Miezi miwili na nusu umenyamaza, ni haki yako. Krismasi hukuja. Mama yako alisema ni kazi. Tulijua msimu umeisha.

Nimemwambia mwenyewe. Jumapili baada ya ibada, kabla ya chakula. Nilimwambia yote, la Oyler, la Strayhorn, na la hamsini na saba. Alisikiliza akiwa bado na glavu zake mkononi. Halafu akaiondoa sahani yangu mezani, akaipangusa ingawa ilikuwa safi, akairudisha kabatini. Nilirudi kwangu nikakaanga mayai. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita na sahani bado iko kabatini.

Nasikia kwenye redio kwamba Milwaukee wamemthibitisha Lindqvist kuongoza timu msimu ujao baada ya mipira kumi na tisa kunaswa. Nilizima redio. Ningekuwa na haki ya kukasirika kwa niaba yako ningekasirika, lakini naona haki hiyo niliitumia vibaya.

Sisubiri jibu. Nakuarifu tu kwamba nimemwambia.

Otha


Saskatoon, Kanada
Julai 17, 1985

Mjomba,

Mimi ni mzima. Mama ameniambia sahani yako imerudi mezani tangu Pasaka, lakini hakuongeleshi zaidi ya kukuomba umpitishie mkate wa mahindi. Hilo ni lenu wawili.

Mwezi wa tatu Dalrymple alinipa mkataba wa miaka miwili. Upokeaji. Aliuweka mezani na kalamu juu yake. Nilikaa nao siku nne. Nataka uelewe kwamba sikuukataa kwa sababu ya ushauri wako, na sikuukataa ili nilipize ya kwako ya hamsini na saba. Lingekuwa jambo la heshima kuukubali. Wenzangu wengi wameukubali na wanalisha watoto. Niliukataa kwa sababu nilikuwa nimeiona ile nusu sekunde na nilitaka kujua kama naweza kuipata. Nikiwa mpokeaji nisingejua mpaka kufa.

Kwa hiyo nimekuja huku. Uwanja ni mpana kuliko wa kwetu, na timu inapewa nafasi tatu tu, si nne kama kwetu, za kusogeza mpira yadi kumi, kwa hiyo usipotupa huendi popote. Makwotabeki weusi wako timu kadhaa, na hakuna anayewatazama kama maajabu. Hawakuuliza mtindo wangu unaitwaje. Waliniuliza kama naweza kufika Jumatatu. Mwenye nyumba wangu ni mjane wa Kiukraine, ananilisha maandazi ya viazi yaliyochemshwa, na anaamini mimi ni mchezaji wa hoki ya barafu aliyepotea njia.

Bado nimekasirika. Nilifikiri itapungua, haijapungua. Naamka nayo, nafanya nayo hatua zangu. Kuna siku inanisaidia kutupa na kuna siku inautuma mpira juu ya kichwa cha mtu. Ulichosema kuhusu ile mipira hamsini na gazeti ni kweli. Nilikusoma nikaitupa barua kwenye kapu, nikaitoa. Kuwa kweli hakukufanyi wewe kuwa sawa.

Jumamosi tulicheza mechi ya kwanza. Nilitupa mara thelathini na nne, mara nyingi kuliko mechi tano zangu za chuoni. Kumi na saba zilifika. Tatu zilinaswa. Tulifungwa kwa alama tisa. Jumatatu kocha akaniita, anaitwa Marchuk, mtu mfupi anayekula mbegu za alizeti tangu asubuhi. Nikaenda nikiwa nimeshapanga maneno. Nilijua nitakavyosema hapana, nilijua nitasimama wapi. Akawasha mkanda, akausimamisha, akanielekeza kidole kwenye kioo.

"Hapa ulikuwa unamtazama nani?"

Nikamwonyesha.

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini.

"Sio wazo baya," akasema. "Umechelewa, lakini sio baya. Tuendelee." Tukakaa saa nne. Tulipomaliza sakafu imejaa maganda na mimi nilikuwa sijatumia hata neno moja kati ya niliyoyapanga.

Nilipotoka pale, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe. Hilo limenikasirisha kuliko yote yaliyotangulia. Nilifika mpaka kwenye kibanda cha simu, nikarudi.

Nimeweka mkanda wa mechi kwenye bahasha hii. Utazame ukiwa peke yako. Mpira wa kwanza kunaswa ni kosa langu, wa pili upepo. Wa tatu, robo ya mwisho, tukiwa kwenye yadi yao ya thelathini, Marchuk mwenyewe hajui ulinaswaje, na mimi nimeutazama mara ishirini. Niandikie niliona nini vibaya. Andika hilo tu, Mjomba. Usiandike kitu kingine chochote.

Rayford